Kabla Hujanunua Mzinga Nairobi, Piga Hodi kwa Jirani

Mzinga wangu wa kwanza niliununua kabla sijajua nitauweka wapi. Fundi aliyeniuzia aliniambia nisiwe na wasiwasi, nyuki watakuja wenyewe. Hapo hakunidanganya. Wiki ya tatu kundi liliingia, nyuma ya nyumba ya kupanga kule Kahawa West, hatua kama kumi kutoka kamba ya nguo ya jirani.

Nikafanya ujinga. Saa tano asubuhi, jua kali, nikafunua kifuniko ili nichungulie tu. Moshi sikuwasha. Nyuki wetu wa huku, wale ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, hawana mzaha. Mmoja akidunga, mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa ni king'ora. Mimi niliinusa nikadhani kuna mtu anamenya ndizi. Nilikuwa na ovaroli na kofia ya wavu, basi wakanipita, wakamkuta mama wa jirani akianua nguo. Mwenye boda getini aliacha pikipiki ikinguruma akakimbia. Jioni nilikuwa sebuleni kwa mwenye ploti nikiomba radhi, na yule mama ameketi mbele yangu, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nikapewa wiki moja niondoe vitu vyangu.

Watu huniuliza kama kufuga nyuki mjini kumekatazwa. Kwa Katiba ya 2010 kilimo na ufugaji viligatuliwa kwa kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, ya mwaka 2015. Kwa hivyo safari inaanzia ofisi ya kilimo na mifugo ya kaunti ndogo yako, kabla hujanunua hata msumari. Mwombe afisa aje akague uwanja kwa macho yake, na akikwambia pale hapafai, mshukuru uende. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Neno la mdomo husahaulika siku ya kwanza mtu akidungwa. Na hata karatasi zote zikiwa sawa, kuna Sheria ya Afya ya Umma kuhusu kero, ambayo jirani mwenye hasira huijua haraka kuliko wewe.

Mafunzo yapo. Taasisi ya kitaifa ya ufugaji nyuki iko Lenana, na Kasarani kuna icipe, wanaotafiti wadudu.

Nilihamia Ruai, kwenye ploti ya familia. Baada ya kuongea na afisa wa mifugo tulisafirisha mzinga usiku, mlango umezibwa kwa wavu, kwenye pikapu ambayo dereva wake hakuvua kofia ya nyuki njia nzima. Safari hii nilitembelea kila nyumba ya karibu kwanza. Nilimuuliza kila mtu kama kuna mwenye mzio wa nyuki kwake, maana kuna ambao mdungo mmoja tu huwapeleka hospitali. Mzee mmoja alikataa katakata, nami nikasogeza mizinga hadi kona ya mbali naye.

Mizinga iko nyuma ya ua wa michongoma mrefu kuliko mtu, milango ikielekea huo ua. Nyuki wakitoka hulazimika kupaa juu, wakapita juu ya vichwa vya watu badala ya usawa wa macho. Weka pia beseni la maji lenye mawe ya kutua, lisikauke hata siku moja. Ukiwanyima maji watayafuata kwenye bomba la jirani, na ugomvi umeanza upya. Mzinga wenyewe nimeuning'iniza kwa nyaya zilizopakwa grisi, maana siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hukuti kitu.

Sasa natumia KTBH (Kenya Top Bar Hive), mzinga wenye vijiti juu ambavyo nyuki hujenga masega chini yake. Ni rahisi kutengeneza, lakini fundi awe makini: kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32, la sivyo masega yatajengwa yakishikana na hutainua moja bila kuvunja jirani yake. Ukitaka kundi liingie, yeyusha nta kidogo upake chini ya vijiti. Halafu subiri. Anayekuhesabia kilo za asali kabla ya nyuki kuingia anauza mizinga, hafugi nyuki.

Narina jua likizama, moshi kwanza, na sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, silikati. Natoa lile lililofunikwa nta karibu lote. Asali iliyo wazi bado ina maji, itachacha. Ukitaka kuipeleka dukani ikiwa imefungashwa, utahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Yule mama wa Kahawa West ni mteja wangu siku hizi. Chupa yake naiacha getini. Ndani bado hajanikaribisha.