Mshauri wangu kila wiki ana jipya, nimuache?

SWALI: Asalaam aleikum Anti. Naishi Likoni, kazi yangu iko ng'ambo, mjini Mombasa. Tangu mamangu afariki, nikiingia feri jioni ile saa ya watu kujaa moyo wanidunda, jasho lanitoka, pumzi zakatika nahisi nakufa, mpaka feri nimeiacha kabisa nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu na nauli inanimaliza. Daktari alinipima moyo akasema uko sawa, akanielekeza kwa mshauri nasaha. Huyo mama ni mpole sina neno naye, lakini kila nikienda ana jipya. Siku ya kwanza alinisikiza tu mpaka nikalia, halafu akanipa daftari niandike yanayonijia kichwani, wiki nyengine akanichoresha ukoo wetu wote mpaka mabibi na mababu, juzi ati aniuliza usiku nikilala shida yote ikaondoka bila mimi kujua, asubuhi nitatambua kwa kitu gani. Na sasa ataka twende wote mpaka feri! Mume wangu asema huyo abahatisha, nitafute mwenye njia moja inayoeleweka. Na nyumbani kwetu ndugu zangu wanagombania nyumba aliyoacha mama, hata huko nimeacha kwenda. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana kwa mama. Usimuache, angalau si kwa sababu hiyo.

Hayo uliyoyataja yote yana wenyewe, hakuna alilozua yeye. Kukusikiza bila kukukatiza wala kukuhukumu, hiyo ni njia aliyoiandika sana mwanasaikolojia Carl Rogers kule Marekani tangu miaka ya 1940, na ukilia mbele ya mtu asiyekwambia "nyamaza, ni mapenzi ya Mungu" hiyo pia ni kazi, msiba wako haukupata pa kukaa maanake kila mtu alikuwa ashughulika na nyumba. Kuchora ukoo kumetoka kwa Murray Bowen, daktari wa akili wa huko huko Marekani, na lile swali la asubuhi ni la washauri wawili, Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, wa mji wa Milwaukee. Swali laonekana la kitoto lakini jibu lake ndilo linalompa mshauri shabaha, kama ulimjibu "nitashuka feri nikiwaza mboga ya usiku" basi ashajua mwaelekea wapi.

Daftari ni la Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, miaka ya 1960. Ukiliandika vizuri lakuwa hivi: niko feri, nimebanwa katikati, moyo wadunda, upande wa pili waandika wazo lenyewe, "nakufa", halafu mnaliuliza hilo wazo maswali. Mara ngapi umehisi wafa na ukavuka salama? Daktari alisemaje kuhusu moyo? Si kujidanganya kwamba hakuna kitu, ni kulikagua wazo kabla hujaliamini.

Sasa hilo la feri ndilo ningependa ulishike zaidi. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alitoa kitabu mwaka 1958 akaeleza namna ya kuiendea hofu kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi, na waliokuja nyuma yake wakaiendeleza. Kila ukizunguka Dongo Kundu wapata nafuu, na ile nafuu yaufundisha mwili kwamba kweli feri ilikuwa hatari, kwa hivyo kesho hofu yazidi. Mtaanza pengine kusimama tu pale juu mwatazama watu wakishuka, siku nyengine mwavuka wote saa nane mchana kuna nafasi, halafu na mumeo, halafu peke yako, jioni iwe mwisho kabisa. Na ukipanda usikimbilie pembeni, kaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Kwa miguu feri ni bure, hata mkienda na kurudi mara tatu nne hulipi kitu!

Una mambo mawili mwanangu, msiba na hofu, na dawa zake si moja. Daftari halilii mama, na kulia hakukuvushi kivuko. Ndio maana naona achanganya kwa haki.

Lakini mumeo nisimuonee, wako washauri wanaorukaruka kwa sababu wameishiwa. Muulize huyo mama waziwazi: hili la leo ni la nini, na tutajuaje limefaa? Akikujibu kwa kisa chako wewe, feri na mama na nyumba, endelea naye. Akikwambia "utaelewa baadaye", au akakasirika, hapo mumeo ana hoja. Muulize pia usajili wake, Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, si utovu wa adabu kuuliza. Na kama waona kitu hakifai, kwa mfano daftari lakuchosha, mwambie, mwenye njia nyingi hana sababu ya kung'ang'ania moja.

Hiyo nyumba ya mama msimbebeshe mshauri, hawezi kugawa urithi. Hiyo pelekeni kwa kadhi.