Kamba na samaki wa msimu katika ghuba ya Lindi: angalia mvua, upepo na bamvua

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umehamia Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, na ungependa kujua ni mwezi gani unaofaa kuanza kuvua kamba na samaki wa kitoweo karibu na nyumbani. Mimi nimekulia ufukwe huohuo, na jibu langu ni kwamba kalenda peke yake haitakufikisha mbali. Kinachoamua ni mvua inayoshuka na Mto Lukuledi, upepo na bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa sana.

Nianze na kamba. Hutaga bahari ya nje, watoto wao wakaingia na maji ya kujaa hadi kwenye mikoko, na humo hukaa miezi kadhaa wakikua kabla ya kurudi baharini. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hivyo mto unapofurika na maji ya ghuba kugeuka rangi ya udongo, kamba waliokomaa husukumwa kutoka mikokoni kuelekea mlango wa mto, na hapo ndipo wavu mdogo unapolipa. Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, kwa sababu maji hupwa kwa nguvu na kamba hutoka vijitoni pamoja nayo. Ingieni wawili, mkiburuza nyayo badala ya kuzinyanyua, maana samaki aitwaye taa hujifukia matopeni na mwiba wake una maumivu makali mno. Ukichomwa, loweka jeraha katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uende zahanati.

Nakusihi usivue kwa chandarua cha mbu. Utaona wanaokikokota, ingawa ni marufuku; lakini kikikung'utwa mchangani, katikati ya uduvi utaona changu na tasi wadogo kuliko ukucha, wakirukaruka kidogo na kufa. Hao ndio samaki wetu wa miaka ijayo, na inaniuma kila ninapowaona wakiachwa kukaukia pale. Vivyo hivyo usikate mikoko kwa kuni wala boriti, kwani kijito kisicho na mikoko hakileti kamba.

Kwa samaki, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na mtumbwi wenye mshipi unaweza kufika mwambani. Upepo wa kusi ukikaza, hasa Juni hadi Agosti, usitoke nje ya ghuba na chombo kidogo. Tega dema, ule mtego wa kusukwa, kwenye majani ya bahari, au maji yanapopwa sana fuatana na akina mama wanaochokoa pweza, ambao wanayajua mapango yao kuliko sisi wanaume. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na hiyo ni kazi ya kundi lenye chombo kikubwa.

Kamba hawasubiri jua. Kichwa kikianza kulegea wameshaharibika, kwa hiyo wachemshe mapema kwa maji ya chumvi hadi wawe wekundu, uwaanike kwenye kichanja, si mchangani. Na kabla hujanunua wavu, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize habari ya leseni na ukubwa wa macho ya nyavu unaoruhusiwa, kisha uwaone viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, wakuoneshe vijito vilivyo wazi kwa uvuvi.