Nimeufungua mzimu wa mtini, sasa Baron kajinyonga

SWALI: Assalaam aleikum Ami. Mimi ni kijana wa Wete, fundi simu. Usiku nikishafunga kibanda nacheza The Witcher 3 kwenye PS4 ya mtumba. Kiingereza changu cha kubabaisha, basi mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, hukaa pembeni akanisomea maneno. Tulipofika kule Velen tukaukuta ule mti wenye mzimu ndani. Ukasema nikiufungua utawaokoa wale mayatima wanaokaa kwa vizee wachawi wa kinamasini. Nikaona watoto tena, hapana la kufikiri. Nikaufungua. Usiku wa pili yake mke wa Baron, yule bwana mkubwa wa Velen, kafa, na Baron mwenyewe namkuta kajitundika. Mdogo wangu kalia, ananiita muuaji, hataki kunisomea tena. Sevu ya nyuma, pale nilipouhifadhi mchezo, ninayo, ila ni ya masaa tisa kabla. Nirudi? Na jibu sahihi lilikuwa lipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Sahihi hapo halikuwepo. Ungeuua mzimu, yule mama angebaki hai, akili zimemruka, na mumewe angemchukua kumpeleka kwa mganga mlimani. Watoto wangeliwa na vizee.

Najua kwa sababu mie niliuua. Nimekulia Makunduchi, mzimu ukianza kuniagiza vitu, mara unyoya wa kunguru, mara farasi mweusi wa mwituni, nishajua hapa hapana heri. Nikaupiga, nikajiona mtu mzima mwenye busara zake. Kurudi kule kinamasini, kimya, watoto hawapo. Siku mbili sikuiwasha PS.

CD Projekt Red, hawa jamaa wa Poland walioutoa mchezo huu mwaka 2015, walikusudia ikuume hivyo. Gemu nyingi ukikosea unakufa palepale, unarudia, yamekwisha. Hapa unaamua leo, matokeo unayaona kesho, panga la zamani ushaliuza na hata ulichomjibu mzimu hukikumbuki vizuri. Wameyaweka mbali makusudi ili uvivu wa kurudia ukushinde. Kwako uvivu huo ni masaa tisa.

Usirudi. Baron alishakueleza habari alizokuwa nazo za Ciri, yule binti unayemtafuta mchezoni, kwa hiyo njia kubwa ya kisa haikuzibika.

Na huyo mdogo wako mkumbushe mambo mawili aliyoyasoma kwa mdomo wake mwenyewe. Baron alikuwa mlevi, akimpiga mkewe, na mimba ikaharibika. Kile kiumbe cha kutisha mlichopambana nacho usiku ndiye mtoto wenyewe. Na yule mama alikula kiapo na vizee ili mimba hiyo imtoke, ndiyo maana akawa mtumwa wao. Kamba ile ilianza kusokotwa kabla wewe hujatia mguu Velen. Mie Baron sikumlilia, nakwambia kweli. Nilimlilia mkewe.

Sasa la sevu. Zamani nikichezesha gemu Mikunguni, na umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, tukiendesha kwa jenereta ambayo ikizima haipigi hodi. Tangu hapo nasevu kama mwenye wazimu. Usiitegemee ile inayojisevu yenyewe, maana mpya huifuta ya zamani. Kabla ya mazungumzo yoyote unayoyahisi mazito, sevu kwa mkono, mahali pawili. Ukishamjibu mtu, usiziguse mpaka umalize kisa chake chote.

Jengine: kuna maswali yanakuja na mstari unaopungua. Ukiisha hujachagua, mchezo unakuamulia. Hapo mdogo wako asianze kukutafsiria neno kwa neno, akwambie tu, "huyu anataka tumuue" au "huyu anataka tumwache."

Mbele utakutana na Ciri mwenyewe. Miisho yake iko mitatu, na inaamuliwa na vijibu vichache tu, vingine vinaonekana vya mzaha kabisa. Sitakutajia ni vipi. Ila mchezo unahesabu kama unamwacha yule binti aamue mambo yake au unamwamulia kila kitu kama kitoto cha chuoni. Wengi wetu tuliolelewa na kaka wakubwa tunaanguka hapo hapo. Mie nilimlinda, nikamlinda, nikamlinda, na mwisho nilioupata sitaki hata kuuhadithia.

Huyo dada mtu naona ana uchungu na watu wa mle ndani kuliko wewe, na Kiingereza anakijua yeye. Mpe pedi ya kuchezea achague, wewe kamata kamusi.