Mtoto wa wiki 6 anatoka jasho akinyonya: ni tundu la moyo?

Pole dada. Unasema mwanao ananyonya kidogo, anaacha, anahema, paji limelowa jasho. Na daktari hapo Moshi kasikia mvumo, yaani sauti ya ziada ya moyo, ambao haukuwepo alipozaliwa. Huo mvumo kuchelewa ni kawaida: shinikizo la mapafu hushuka taratibu wiki za mwanzo, ndipo damu hupenya kwa kelele kwenye tundu la ukuta kati ya vyumba vya moyo. Na kelele kubwa si lazima tundu kubwa, mara nyingi dogo ndilo linalovuma zaidi.

Akilala, hesabu pumzi dakika 1 nzima. Zikifika 60, au mbavu zikibonyea ndani, mpeleke hospitali ya KCMC leo hii. La sivyo, omba rufaa ya eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) wiki hii na ubebe kadi ya kliniki. Mstari wa uzito uliolala kwenye kadi hiyo, yaani mtoto haongezeki, unasema mengi. Usingoje midomo iwe ya bluu, matundu mengi hayabadilishi rangi mapema.