Jibu: Kwa nini wanafungua kesi wanayojua watashindwa?

Ndugu, umenieleza kuwa rafiki yako mwandishi wa habari amepokea barua ya wakili, ukauliza kwa nini mtu amshtaki mwandishi huku akijua atashindwa. Ni kwa sababu hukumu siyo anachokitafuta. Anatafuta miaka ya kesi kuahirishwa, ada za mawakili, na mhariri anayeanza kusema "habari hii tuiache kwanza". Mwandishi anachoka kabla jaji hajagusa ushahidi.

Mtazame Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari wa Malta. Alipouawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake Oktoba 2017, alikuwa akikabiliwa na kesi zaidi ya 40 za kashfa, na nyingine ziliendelea dhidi ya familia yake. Yaani hata kaburini hakuachwa! Linaniuma mpaka leo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwezesha mahakama kuzitupa mapema kesi za namna hii, ila ni za madai tu, zenye sura ya kuvuka mipaka. Za jinai haizigusi.

Huyo rafiki yako asifute habari yake kwa hofu. Atunze daftari, rekodi za sauti na ujumbe wote, na amwone wakili kabla hajajibu neno lolote.