Sayyid Said na Ras al-Khaimah

Mmeuliza kama Sayyid Said, mtawala wa Maskati (Omani), alikuwepo mwaka 1809 Waingereza walipoishambulia Ras al-Khaimah, mji wa bandari katika Ghuba, kuwapiga "maharamia". Alikuwepo, tena kwa merikebu zake na askari wake. Ila mwaka si 1809, ni Desemba 1819. Mnachanganya misafara miwili: wa 1809 Waingereza waliichoma Ras al-Khaimah wakaondoka zao, na Maqawasim (ukoo wa al-Qasimi uliotawala mji huo) wakaunda majahazi mapya. Wa pili, chini ya Jenerali William Keir Grant, ndio uliovunja ngome kabisa. Kuta zilikuwa ngumu hadi ikabidi mizinga mizito ya kurusha tufe za ratili 24 ishushwe kutoka manowari ya Waingereza Liverpool na kukokotwa hadi nchi kavu.

Ushahidi mwingine wa msafara huo wa pili ni bendera. Mkataba wa Januari 1820, uliofuata ushindi huo, uliwataka masheikh wa Ghuba wapeperushe bendera nyekundu yenye ukingo mweupe, na hadi leo ndiyo bendera ya Ras al-Khaimah na Sharjah. Ukiusoma, nenda kifungu cha 9: kuchukua watumwa pwani ya Afrika kumehesabiwa humo kuwa uharamia. Kwetu hiki ndicho cha kukodolea macho, maana Said huyu ndiye yule yule aliyehamia Unguja baadaye, na biashara hiyo ikaendelea kumtajirisha.

Lakini hilo neno "maharamia" tulitumie kwa tahadhari. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, ambaye ni wa ukoo huo huo, amelipinga kwa maandishi akisema Waingereza waliotawala kutoka Bombay, India, walitaka biashara ya Ghuba tu. Na Maskati nayo ilikuwa na ugomvi wake wa zamani na Maqawasim.