Breki ikishika, usikimbilie kalipa

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana hapa Mtwara, gari lenye breki inayoshika, yaani isiyoachia hata mguu ukitoka kwenye pedali, likiingia gereji, msianze kufungua tairi. Sogeza kiganja karibu na rimu, moja moja, bila kugusa. Gari lililoteremka Newala na mzigo litakuwa na moto kwenye rimu zote mbili za mbele, na hilo ni jambo la kawaida. Ugonjwa ni pale ya kushoto inapochoma na ya kulia ni vuguvugu. Na maji msimwage! Diski inaweza kupinda, halafu breki ikipoa inaachia, ushahidi umekwenda.

Mimi niliharibu kazi kwenye Noah moja, mbele kushoto. Nikabadilisha kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Baada ya siku tatu mteja karudi. Nikabadilisha tena, nikisingizia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya mtumba. Aliporudi mara ya tatu, mzee aliyenifundisha akapiga jeki gari likiwa bado linanuka pedi. Tairi halikuzunguka. Akachukua spana namba 10, akalegeza kidogo tu nipo ya kalipa, ile ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakaruka, chwii, na tairi likazunguka kwa kidole kimoja. Mzee akanitazama, hakusema kitu.

Ingekuwa pistoni inayosukuma pedi imeganda kwa kutu, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kulegeza nipo kusingesaidia. Tairi likiachia, basi kuna mafuta yamenaswa na hayarudi. Hapo funga nipo, kanyaga pedali mpaka ishike tena, kisha legeza pale paipu ya chuma inapoungana na paipu ya mpira. Likigoma kuachia, mpira umeziba kwa ndani, hata kama kwa nje unang'aa. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite; cha kuyarudisha kwa nguvu hiyo hakuna. Ndivyo ilivyokuwa kwa Noah.

Likiachia hapo, panda juu. Legeza nati za masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, ivute kidogo itoke kwenye busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu. Breki zikiachia, fimbo inayoisukuma masta imerekebishwa ndefu mno, au swichi ya taa za breki inaizuia pedali kurudi. Zisipoachia, masta yenyewe ina tatizo. Zikishika zote nne, fungua mfuniko wa chupa ya mafuta ya breki utazame rabba yake. Ikiwa imevimba, kuna mtu ameongeza oili ya injini au ya haidroliki, na hapo rabba za mfumo mzima zimeharibika. Mwenye gari atakana. Usibishane naye, mwonyeshe rabba.

Pini nazo msizidharau. Magari yanayolala Shangani na Mikindani yanakula hewa ya chumvi usiku kucha. Pedi moja ikilika kuliko mwenzake ndani ya kalipa ile ile, chomoa pini uzitazame. Zisafishe, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha rabba na pini zitashika upya. Tairi za nyuma, anza na waya wa hendibreki.

Mwenye Noah nilimrudishia pesa ya kalipa ya pili. Ya kwanza hakuidai, nami sikumkumbusha.